Koboko Tisa Bado Njiani

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nalisema mapema, msije mkanishangaa huko mbele. Jina langu Lawrence Adrabo, mzaliwa wa Manibe, fundi wa redio za polisi hapa Arua, mwaka wa kumi na nne sasa. Si askari. Sina cheo wala kofia, nina bisibisi na ulimi. Bisibisi haijawahi kunitia matatani hata siku moja.

Lakini sikukaa hapa kujisimulia mimi. Nataka kumsimulia Sajini Kulusum, aliyekalia kiti cha chumba cha redio miaka ishirini na sita, mpaka kiti chenyewe kikachukua umbo lake, na sisi wengine tukikikalia tunajiona tumevaa nguo ya mtu. Ni mama wa Kinubi, kwao Koboko. Wazee wake walikuja na jeshi kutoka Sudani zamani hizo, wakabaki. Mnene wa haki, mwepesi wa kucheka, na sauti yake, ngoja niieleze polepole, maana hiyo sauti ndiyo habari yenyewe.

Siku nyingi niliisikia kabla sijaamka. Redio yangu ya mkono hulala kando ya kichwa changu, imewashwa, kwa sababu ya kazi. Saa moja kamili asubuhi, ukungu bado umelalia mihogo yetu kule Manibe, mimi nusu niko kitandani nusu niko ndotoni, naye anaanza kuita vituo. Anaita Ajia. Unafuata ule mkwaruzo wa redio ya zamani, kama mvua nyembamba juu ya bati, halafu Ajia anajibu kwamba ni salama, na jogoo anawika nyuma yake. Anaita Pajulu. Mvua ya bati tena, Pajulu salama, mtoto analia mahali fulani. Kituo kwa kituo, gari kwa gari, pikipiki kwa pikipiki, mpaka Koboko kule karibu na mpaka. Macho yangu yamefumba na ninaiona nchi yetu yote ikiamka, nyumba moja baada ya nyingine. Mara nyingine nililala tena katikati ya orodha, nikaota niko barabarani naye ananiita mimi, na katika ndoto nilijibu.

Redio ile ilikuwa na njia moja tu ya hewani, na wote tulikuwamo humo. Ukikohoa Koboko, Arua wamejua una mafua. Askari walijuana kwa pumzi. Aliyegombana na mkewe alijulikana kwa jinsi alivyosema "salama", na kabla ya saa nne kuna mwenzake ameshamtania. Siri haikuwepo, na watu waliishi vivyo hivyo, wakazoea.

Mwisho wa orodha, kila siku ya Mungu, mama Kulusum aliita namba isiyokuwa na gari. Koboko Tisa, Koboko Tisa, hapa Arua. Halafu ananyamaza pumzi tatu. Na kutoka ndani ya ile mvua ya bati inakuja: tk-tk. Mara mbili, basi. Ndipo anasema amepokea, anamimina chai yake ya tangawizi, na siku inaanza.

Koboko Tisa lilikuwa gari la doria la marehemu mumewe, Siraji.

Utaratibu wetu wa safari ni huu. Dereva akitoka kituoni anamwambia mtu wa redio, na mtu wa redio anaandika katika kitabu cha safari kwamba fulani ametoka mahali fulani saa fulani. Tangu hapo safari iko wazi. Inafungwa kwa neno moja kati ya mawili tu: amefika, au amelala, pamoja na jina la mahali. Mvua ikimkamata dereva, haamui mwenyewe kulala ugenini. Anauliza hewani, na mtu wa redio ndiye anayemwambia alale au aendelee.

Ilikuwa mkesha wa Idi, mwezi wa nane, mwaka elfu mbili na kumi na tatu. Nilikuwa chini ya meza ya redio na waya mdomoni, kwa hiyo sikusimuliwa na mtu, nilisikia. Siraji, safari yake ikiwa ya kuja Arua, aliita kutoka Koboko saa kumi na nusu alasiri. Alisema: "Arua, hapa Koboko Tisa. Mvua iko nyingi huku. Nilale?"

Sasa elewa. Wiki ile nzima askari walikuwa wakimtania mama Kulusum hewani kwamba redio ina mume, kwamba kuna dereva mmoja anayepewa safari za jua tu na wengine wanapewa za matope. Utani wa watu wazima, hakuna aliyemaanisha kitu. Lakini Siraji alipouliza, mtu mmoja akabonyeza kitufe chake akacheka, kicheko kifupi tu, na mimi kutoka chini ya meza nikaona miguu ya mama Kulusum ikijikunja ndani ya viatu. Aliona haya. Akasema kwa sauti ya kazi, kavu kabisa, "Koboko Tisa, endelea."

Kuna kijito kinachokatiza barabara, siku za jua unakivuka hata hukioni. Jioni ile kilipanda juu ya daraja. Gari waliliona alfajiri, na Siraji wakamwona mbele kidogo, akazikwa Koboko mchana wa Idi huku watu wakiwa na nguo zao mpya. Hakuna aliyemuuliza mama Kulusum chochote. Nadhani ingekuwa afadhali kama wangemuuliza.

Akarudi kazini baada ya arobaini. Asubuhi ya kwanza akaita orodha kama alivyozoea, na ulimi ukaenda wenyewe, maana ulimi wa mtu wa redio unajua njia kama punda wa sokoni. Akajikuta ameshaita Koboko Tisa. Nilikuwepo. Aliganda na mkono juu ya kitufe, na uso wake nisingependa kuuona tena. Kosa lile halikuweza kurudishwa. Wote walikuwa wamesikia. Ikapita pumzi moja, ya pili, ya tatu. Halafu ikaja: tk-tk.

Kila askari anajua maana yake. Ukiwa umejificha kichakani unamvizia mwizi wa ng'ombe na ukaitwa redioni, huwezi kufungua mdomo. Unabonyeza kitufe mara mbili bila kusema. Maana yake: nimekusikia, ila siwezi kusema.

Tangu siku hiyo aliiita kila asubuhi, na kila asubuhi ilijibiwa. Na katika kitabu cha safari, ile safari haikufungwa. Kila siku aliihamishia ukurasa mpya kwa mwandiko wake mzuri: Koboko Tisa, bado njiani. Wakubwa wanne wamepita hapa. Kila mmoja alikifungua kile kitabu, akaufikia mstari ule, akageuza ukurasa akauliza habari za mafuta.

Alikuwa na hakika anayejibu ni Tongun, dereva wa Koboko Nne, aliyekuwa rafiki wa Siraji wa kula naye sahani moja. Kila Idi alimpelekea Tongun kopo zima la biskuti za kujikaangia. Tongun, ambaye ni Mkristo, akapokea miaka yote hiyo, akashukuru, akala, wala asiulize ni za nini. Mimi nami nilikuwa na hakika yangu. Nilijua ni mtambo wa mlimani. Ule mtambo ulikuwa unapokea sauti za vituo vya mbali na kuzirusha mbele, na mtu akimaliza kusema unajifunga, na ukijifunga unagonga. Ndiyo tk-tk yenyewe. Nilikaa na hilo moyoni miaka mingi bila kulisema, mimi huyu huyu, na nilijiona mtu mwema sana.

Mwaka huu yakaja maboksi. Mfumo mpya. Nikapelekwa mafunzo wiki tatu, nikarudi nimevimba kichwa. Kila redio ya askari sasa ina namba yake, na ukibonyeza tu, skrini inakutaja. Koboko wana njia yao, Arua yao, hakuna anayemsikia mwenzake mpaka aunganishwe. Wakiita watu watano kwa pamoja, kompyuta inawapanga foleni. Dereva akitoka anabonyeza kitufe cha kutoka, akifika cha kufika, na gari lake linaonekana kwenye ramani kama punje ya mtama inayotembea. Kuita orodha asubuhi hakuna haja. Anayebonyeza kwa muda usiofika sekunde moja anahesabiwa kwamba kidole kimeteleza, anatupwa. Na safari ikikaa muda wa saa kumi na mbili bila kufungwa, mfumo unaifunga wenyewe.

Sisemi ni mbaya, msininukuu vibaya. Redio ya zamani ilikuwa na ugonjwa: wakisema wawili pamoja, hasikiki hata mmoja. Unasikia mkwaruzo tu, hujui ni wawili au ni kumi. Mwaka jana watu wa Pajulu waliripoti lori limepinduka, wakati huo huo wa Ajia wakaripoti ng'ombe, na lori lilikaa saa nzima bila msaada. Kwa hiyo nilikuwa na sababu zangu, na nilizisema kwa kila aliyetaka na asiyetaka kusikia.

Kazi ilikuwa ianze Jumatatu saa moja asubuhi. Alhamisi nilikaa na mama Kulusum kujaribu kuhamisha safari zilizo wazi kutoka kitabuni kuingia kwenye kompyuta. Zilikuwa nne. Tatu za asubuhi hiyo, na moja ya miaka kumi na miwili. Kando yetu alikaa Konstebo Phiona, binti wa Ajia, mwenye miaka ishirini na minne, aliyeletwa ajifunze kile kiti.

Nikamwambia mama kwamba hii ya nne mfumo hautaipokea. Akasema niiache wazi. Nikamweleza mambo ya saa kumi na mbili. Akasema kwa upole, akicheka, kwamba saa ni za mashine, Siraji hana mashine. Nikaeleza tena, kwa sauti ya juu kidogo, kama mtu anayezungumza na mgeni. Akanitazama, akaacha kucheka.

"Fundi, wewe iko na haraka," alisema. "Watu wote walisikia siku ile. Wote walisikia nikimwambia endelea. Asubuhi nikiita, mtu moja ananijibu. Basi najua iko mtu moja ambaye hanilaumu. Mtu moja ananitosha. Siku asipojibu, nitajua niko peke yangu na neno langu, nami sitakaa tena kwenye kiti hiki."

Hapo mtu mwenye akili angefunga mdomo. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, lakini wahenga hawakunifundisha mimi. Nilikuwa nimechoka, maboksi yalikuwa yamejaa chumba, mkubwa alikuwa amenipigia simu mara mbili tangu asubuhi.

"Hakuna mtu, mama," nikasema. "Ni mtambo wa mlimani. Unagonga hivyo ukijifunga."

Alikichukua kile kitabu akakifunga taratibu, akalaza kiganja juu yake. Phiona alinitazama kama mtu aliyeona nimemwaga chakula cha wenyewe. Nikatoka nje nikajifanya natafuta koleo. Ulimi hauna mfupa, ndiyo, lakini unavunja, na nilisikia kabisa kitu kikivunjika.

Ijumaa aliita orodha. Alipofika mwisho, nikiwa kitandani Manibe, nikasikia ananyamaza. Hakuiita Koboko Tisa. Mkwaruzo ukaendelea peke yake muda mrefu, mvua ile ile ya bati, kama watu wengi wamesimama nje ya mlango hawabishi hodi. Halafu akafunga. Mke wangu, Juliet, akaniuliza mbona nimekaa kitandani nashika kichwa. Nikamwambia nina malaria.

Jumamosi nikapanda mlimani kuung'oa ule mtambo. Huko juu asubuhi ni mahali pa ajabu. Ukungu unakuwa chini yako, umeifunika Arua yote, unaona vichwa vya minara na miti mirefu tu, na sauti zinakuja bila wenyewe: mbwa, kengele ya kanisa, mtu anapasua kuni. Nilikaa karibu na mtambo na redio yangu ya mkono. Sijui ni nini kilinituma. Kabla ya kuuzima, nikabonyeza, nikaachia, nikasikiliza unavyojifunga.

Ulishusha pumzi. Pumzi moja ndefu, fyuuu, halafu kimya.

Nikabonyeza tena. Fyuuu. Nikabonyeza mara kumi. Haukugonga hata mara moja, sembuse mara mbili. Nimeuhudumia mtambo ule miaka kumi na minne, nimebadilisha kila kitu ndani yake, na sijawahi kukaa kimya nikausikiliza. Jua lilikuwa limeshaanza kuchoma ukungu, paa moja moja zinatokea, nami nikaketi pale juu nikajitukana kwa Kilugbara, maana kuna maneno Kiswahili hakinitoshi.

Nikauzima, nikashuka. Kusema kweli niliogopa. Kama si mtambo, ni mtu. Lakini ni nani, na je, Jumatatu atabonyeza? Na hata akibonyeza, mfumo wangu utamtupa. Jumapili, watu wako kanisani, mimi niko chumba cha redio na kompyuta. Sauti ya kidole kisichofika sekunde sikuweza kuipitisha, mfumo umekataa kata kata. Nilichoweza ni kuuambia usiwatupe. Uwaandike tu pembeni ya skrini, kwa maandishi ya kijivu, namba na saa. Nikaunganisha njia zote, Arua na Koboko na vituo vyote, ziwe wazi kwa nusu saa ya kwanza. Na ile safari nikaiingiza kwa uongo. Niliandika kwamba Koboko Tisa ametoka Koboko Jumapili saa moja na nusu jioni. Kwa hiyo mfumo ungeifunga Jumatatu saa moja na nusu asubuhi, si kabla. Sikumwambia mtu. Baada ya Alhamisi, nani angenisikiliza?

Jumatatu mama Kulusum alikuja na sare imepigwa pasi mpaka inakata, na mfuko wa ukili aliousuka mwenyewe. Ndani ya mfuko nikaona kikombe chake, mto wake wa kiti, na kile kitabu. Alimwambia Phiona kwamba akimaliza orodha ya leo, kiti ni chake. Nilitaka kusema kitu. Nikasema habari za asubuhi, naye akaniitikia vizuri, jambo lililoniuma zaidi.

Saa moja kamili akashika kipaza sauti. Mkubwa alikuwa amesema orodha haina haja tena, lakini hakuna aliyekuwa na ubavu wa kumkataza siku hiyo. Akaita Ajia. Ajia akajibu, sauti safi kama yuko chumbani. Hakukuwa na jogoo, maana redio mpya zinachuja kila kisichokuwa sauti ya mtu. Pajulu, salama. Manibe, salama. Na kati ya jibu na jibu hakukuwa na kitu. Ile mvua ya bati haikuwepo. Sikujua mpaka dakika ile kwamba nilikuwa nimelala juu ya mvua ile maisha yangu yote ya kazi.

Orodha ikaisha. Mama Kulusum akakaa. Nikaona kidole chake kiko juu ya kitufe, kinainuka, kinarudi. Halafu akaita, kwa sauti ndogo kuliko ya siku zote.

"Koboko Tisa, Koboko Tisa, hapa Arua."

Pumzi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Spika haikutoa kitu. Ya nne. Ya tano. Mama Kulusum akakiweka kipaza sauti mezani kwa uangalifu, kama mtu anayemlaza mtoto, akashika mfuko wake.

"Fundi alisema kweli," akasema. Hakuwa na hasira hata chembe.

Mimi nilikuwa nimesimama upande ambao skrini haionekani vizuri. Phiona ndiye aliyekuwa mbele yake.

"Mama, ngoja," Phiona akasema. "Ngoja kwanza. Hapa pembeni kuna maandishi."

Akaanza kusoma. Ajia, pikipiki ya kwanza, mara mbili. Pajulu, gari, mara mbili. Manibe, pikipiki, mara mbili. Koboko Moja, mara mbili. Koboko Mbili. Koboko Tatu. Koboko Nne, na hapo mama Kulusum akasema huyo anamjua, lakini Phiona hakusimama, aliendelea. Askari wa barabarani wa mjini. Gari la mahabusu. Mlinzi wa benki. Kituo cha mpakani. Phiona alikuwa anasoma anafuta macho na mkono wa sare. Maandishi ya kijivu yalijaa pembeni mpaka yakaanza kupanda juu, na saa iliyoandikwa mbele ya kila moja ilikuwa moja: saa moja, dakika kumi na tisa. Wote walikuwa wamebonyeza mara tu baada ya pumzi zile tatu, wote kwa pamoja, kama walivyofanya kila asubuhi kwa miaka kumi na miwili.

Ndipo nilipoelewa, mimi fundi. Wakibonyeza kumi pamoja kwenye redio ya zamani, unasikia mkwaruzo mmoja. Niliwaambia watu hivyo wiki nzima, nikijisifu. Na tk-tk ile tuliyoisikia kama ya mtu mmoja, ilikuwa ya watu wote.

Walikuwa thelathini na mmoja. Mama Kulusum alimwambia Phiona arudie tangu mwanzo, polepole, naye akawa anaitikia kila jina kwa kichwa. Kwenye ile pikipiki ya Manibe akamsimamisha. Aliuliza ni nani anayeiendesha siku hizi. Phiona akasema ni Lomoro, yule kijana aliyeletwa mwezi wa tatu.

"Lomoro alikuwa shule ya msingi Siraji akifa," mama Kulusum akasema. "Nani amemfundisha?"

Jibu lilikuwa pale pembeni ya skrini. Wale wa zamani waliwafundisha wapya, kimya kimya, gari kwa gari, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia yeye. Katika redio ile isiyokuwa na siri, hiyo ndiyo siri moja waliyoweza kuitunza.

Alilia. Alilia kwa sauti, kwenye sare iliyopigwa pasi, na mimi nikalia, naandika hapa bila haya. Halafu akajipangusa kwa ncha ya mtandio, akanitazama. Nikamwomba radhi. Akasema nimeomba, amesikia, sasa nimwambie ile safari iko wapi.

Nikamwonyesha. Saa ya ukutani ilikuwa saa moja na dakika ishirini na sita. Nikamweleza kwamba zimebaki dakika nne mfumo uifunge wenyewe, na kwamba nikitaka naweza kuudanganya tena jioni, na kesho, na kila siku, kazi hiyo naiweza. Akasema hapana. Akauliza mashine inataka neno gani. Nikamwambia ni yale yale ya kitabuni, mawili, achague.

Akavuta kiti, akashika kipaza sauti. Kumbuka njia zote zilikuwa bado wazi. Arua, Ajia, Koboko, wote walikuwamo humo kama zamani. Yeye alilijua hilo. Hakupunguza sauti.

"Koboko Tisa, Koboko Tisa, hapa Arua," alisema. "Nimekusikia. Mvua iko nyingi. Usije, mume wangu. Lala huko."

Akaachia kitufe. Pembeni ya skrini maandishi ya kijivu yakaanza tena kupanda, Ajia, Pajulu, Koboko Nne, Manibe, mara mbili, mara mbili, bila sauti. Mama Kulusum alinionyesha kwa kidole, nami nikachagua neno la pili, nikaandika mahali, nikabonyeza. Koboko Tisa, amelala Koboko.

Kisha akatoa kikombe chake mfukoni, akamuuliza Phiona kama maji ya chai yamechemka.